Sukari Niliyojipa kwa Barua

Jumatatu, 3 Februari 2014
Soko zuri. Vitenge vya maua vimekwisha kabla ya adhuhuri, na wanawake wa Makere bado wanaulizia. Kasulu nzima hakuna anayejua kukunjua kitenge mbele ya mteja kama mimi Hamisi. Sijisifu. Au najisifu kidogo.

Konda wa basi la Kibondo kaniletea barua ya Melkiori. Karatasi nne, mwandiko wa seminari. Simu tunazo wote wawili, ila simu ni ya biashara, rafiki anaandikiwa. Hiyo ni sheria yake. Kaitoa kwenye kile kitabu cha Kifaransa alichoachiwa na mwalimu mwenzake, Mrundi, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Barua za wasomi wa kale wa Konstantinopoli. Anasema wale wazee nusu ya barua ni kugombezana, mbona hujaniandikia, na nusu ni tumbo, homa na meno. Mji huo sasa ni Istambuli. Nina shali dukani zimetoka huko. Kwa hiyo naujua kuliko yeye.

Mwisho kabisa, mstari mmoja. Ana sukari. Kidonda cha mguu hakifungi.

Jumanne, 11 Februari
Sijajibu. Naogopa wagonjwa. Naandika wazi, hapa hasomi mtu. Mama alipolala kitandani mara ya mwisho mimi nilikuwa Bujumbura, nikasema nimekwamishwa na mzigo. Sikukwamishwa na mzigo.

Jumatano, 12 Februari
Nimejibu. Melkiori aliwahi kunieleza desturi ya wale wasomi wake: rafiki akiugua, mwenzake anamwandikia kwamba na yeye anaugua, maana marafiki mwili wao ni mmoja. Basi nimemwandikia na mimi nina sukari. Hapo ningeishia. Lakini mkono ulikuwa umekolea. Nikaongeza kwamba kidonda changu kilikuwa kinatisha kuliko chake, mzee mmoja wa Muyama akanipa majani ya kuchemsha, wiki tatu nikapona, sasa nakunywa chai vijiko vinne. Hakuna mzee. Muyama nimewahi kusimama mara moja tu, gari lilipoharibika.

Nilitaka acheke. Darasa la sita niliishia, lakini barua ile hata hao wa Istambuli wangeipigia makofi.

Alhamisi, 6 Machi
Barua ya Melkiori. Fupi. Ananishukuru, nimemrudishia moyo. Kamtuma mkwe wake Muyama kumtafuta yule mzee. Kampata.

Nimesoma mara tatu. Mzee niliyemtunga mwenyewe kapatikana, na majani kauza. Nilicheka hadi jirani akachungulia. Baadaye nikaisoma mara ya nne.

Jumapili, 16 Machi
Nimeanza barua ya kusema kweli mara mbili. Zote nimechana. Nitaanzaje? Yeye ndiye mtu pekee anayeniona nina akili. Huenda majani hayana ubaya. Huenda anakunywa na dawa za hospitali anaendelea. Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Jumatano, 2 Aprili
Mama Deo, mkewe, kapiga simu. Mguu umekuwa mweusi. Sindano Melkiori aliziacha tangu mwezi uliopita. Yuko wodini Kibondo, daktari anataka kukata, yeye hataki. Anawaambia manesi ana rafiki yake Kasulu alikuwa hivihivi na leo anatembea. Daktari kasema asipokatwa, hamalizi wiki.

Mama Deo hakunilaumu. Kaniuliza tu: "Shemeji, wewe yale majani ulikunywa siku ngapi?"

Nikakata simu. Baadaye nikamwambia ulikuwa mtandao.

Barua haitoshi. Nimefunga duka. Basi la alfajiri.

Alhamisi, 3 Aprili
Kibondo. Njia nzima sikuongea na mtu, hata konda kashangaa.

Harufu ya mguu ule niliipata mlangoni. Nilisimama pale muda. Melkiori kaniona, kajiinua kwa kiwiko, kawageukia wenzake wa wodini. "Si niliwaambia? Huyu hapa. Hamisi, hebu tembea kidogo wakuone."

Nikatembea. Mungu anisamehe, nilitembea mpaka dirishani na kurudi, mzee wa kitanda cha pili akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Ndipo nikakaa ukingoni mwa kitanda, Mama Deo upande wa pili.

"Melki, sijapona. Sijawahi kuugua."

"Uliandika."

"Niliandika kama wale wazee wako."

"Wale hawakuandika dawa. Na yule wa Muyama?"

"Nilimtunga."

"Sasa mimi nimekunywa majani ya nani?"

Siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke. Aliugeukia ukuta. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mama Deo, mwite daktari."

Nikainuka kumpisha daktari.

Ijumaa, 4 Aprili
Wamekata. Juu ya goti. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama angeletwa mwezi ule alioacha sindano. Hakunilazimisha mtu kuuliza. Kasema pengine wangekata vidole tu.

Yuko hai. Nilimsubiri aamke. Alipoamka akaomba maji kwa mkewe. Nilikuwa karibu kuliko mkewe.

Jumapili, 18 Mei
Konda karudi mikono mitupu tena. Mama Deo anasema barua zangu zinafika. Melkiori anazipokea, anaziweka chini ya mto. Hazifungui, hazitupi. Mwana wao mkubwa anamchongea magongo, ya kwanza yalikuwa mafupi.

Nimeandika nyingine leo. Nusu karatasi. Mvua imekatika. Maharage tumeyaanika uani. Kitenge cha kijani hakiuziki. Mimi ni mzima.

Hilo la mwisho nilitaka kulifuta. Nimeliacha. Kesho asubuhi nampa konda.