Mtaro Umeganda na Baba Mkwe Ndiye Aliyeufunga

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla mawingu hayajafika, maana hapa nilipo nimekwama na sina wa kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, msimamizi wa uwanja katika kiwanda cha saruji, nina watu saba chini yangu na kazi naijua, sisemi kwa kujisifu, meneja mwenyewe huniita Jicho kwa sababu hata msumari ukianguka uwanjani nitauona. Hapa tulipo miezi tisa halianguki hata tone, jua linapasua sakafu na vumbi la saruji linalala kila mahali, halafu mvua ikija haiji kwa adabu, inashuka yote alasiri moja, na maji ya uwanja mzima yanatakiwa yapite kwenye mtaro mmoja mrefu wenye vifuniko vya chuma mpaka nje ya ukuta. Mtaro huo usipopitisha, maji yanakwenda palipo chini kuliko pote, yaani shimo la mkanda wa kubebea mifuko, ambako watu wanne wanafanya kazi chini ya ardhi na ngazi ya kutokea ni moja tu, tena nyembamba, na mmoja wa hao wanne ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyenipokea vizuri katika ile nyumba kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa mwaka huu malori yalizidi, vifuniko vikawa vinarukaruka na kupiga kelele kutwa, kimoja kikainuka kikamvunja mtu kidole cha mguu, ndipo baba mkwe wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea hapo hapo kiwandani kwa miaka thelathini na moja na ndiye aliyenitafutia kazi, akachukua mashine yake akavichomelea vyote, kimoja baada ya kingine, mita mia na ishirini, kelele zikaisha kabisa na meneja akampigia makofi mbele ya watu. Na mimi nilipiga makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeufungua mtaro kwa sababu haufunguki, na fomu ya ukaguzi ya kila mwezi inanitaka niandike kama ni safi, basi nikawa namwaga ndoo ya maji upande wa juu, nakwenda upande wa chini, nayaona yanatoka, natia sahihi. Mara nne nimetia sahihi.

Wiki iliyopita kifuniko kimoja kiliachia kwa joto, nikakiinua kwa nondo, nikachungulia ndani. Mtaro wa kina cha goti umejaa saruji, si vumbi, ni saruji iliyoganda ikawa jiwe, juu yake imebaki nafasi ya kiganja tu. Nikakirudisha kifuniko nikakaa juu yake kama kuku anayelalia mayai. Watu wa hali ya hewa wanasema mvua itaanza baada ya wiki mbili.

Nilimwambia mume wangu, akasema, "Baba anastaafu mwisho wa mwezi, wanamwandalia sherehe, wewe unataka kwenda kusema kaziba mtaro? Iache, mvua yenyewe itauzibua." Nikisema, nimemvua mzee nguo mbele ya kiwanda kizima na ndoa yangu inaingia mchanga. Nikinyamaza, zile sahihi ni zangu. Kwa upande wangu kazi nimefanya, kila Ijumaa watu wangu wanafagia na kumwagia uwanja maji kwa mpira mpaka unang'aa, kosa ni vile vifuniko. Nimwambieje mzee bila kumkosea heshima? Au ninyamaze tu, mvua ijisemee?

Jicho

*

Marahaba, Jicho.

Barua arobaini zilikuwa mbele ya yako na nimeziruka zote. Waliogombana na mashemeji watanisamehe. Uliacha namba ya simu, nimekupigia mara tatu hupokei, basi yasome hapa na wenzako kazini wayasome pia.

Kwanza pole. Wengi wanaoniandikia wanatafuta namna ya kumkimbia mkwe, wewe unatafuta namna ya kumstahi wako, na hilo nimelipenda. Sasa kaa chini nikuseme.

Lile jiwe mtaroni limetoka wapi? Vumbi la saruji peke yake lingebaki vumbi, mngelizoa kwa koleo. Rudia kusoma ulichoandika kuhusu Ijumaa. Mmefagia vumbi, mkamwaga maji, yote yakaingia mtaroni kwenye vitundu vya vifuniko, wiki baada ya wiki, na jua likamalizia. Nyani haoni kundule. Mzee alifunga mlango, lakini zege umekoroga wewe, tena kwa bidii na uwanja ukang'aa. Watu wanaotengeneza saruji kila siku ya Mungu wakasahau saruji inafanya nini ikionana na maji.

Na hiyo ndoo yako nisikie habari zake kwa mara ya mwisho. Ndoo moja inapita kwenye nafasi ya kiganja bila taabu. Mvua uliyoieleza mwenyewe haiji kwa ndoo. Ulichagua kipimo ambacho hakiwezi kukukatalia, ukatia sahihi, na huko ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mumeo naye mwambie taratibu kwamba mvua haizibui zege, ingekuwa hivyo hakuna nyumba ambayo ingebaki imesimama.

Sasa kuhusu mzee. Nenda kwake leo, nyumbani, kabla hujakwenda kwa meneja. Usianze na vifuniko. Anza na lako: "Baba, nimeuziba mtaro kwa maji yangu ya Ijumaa na nimetia sahihi mara nne bila kuangalia ndani. Nahitaji mtu anayejua pa kukata." Halafu nyamaza, mwache aongee. Mtu aliyeshika mashine miaka thelathini na moja hatahitaji umwelezee la zaidi. Atakasirika kidogo, pengine atakasirika sana. Lakini alama za kuchomelea ni zake, na hakuna atakayezikata haraka na kwa usafi kuliko yeye.

Asubuhi muende wawili kwa meneja. Wewe useme la fomu kwa mdomo wako, kabla hajaligundua, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Ombeni mashine za kuvunjia zege na watu wa zamu zote. Anzeni upande wa chini, kwenye mdomo wa kutokea, mpande kwenda juu, ili mvua ikiwawahi, kila mita mliyofungua iwe tayari inafanya kazi. Mdomo wa shimo uzungushieni viroba vya mchanga na mweke pampu karibu. Vifuniko virudi kwa bolti zinazofunguka, na mpira mnene chini yake, kelele hamtazisikia. Kuanzia sasa vumbi linafagiwa kavu na kuzolewa, mpira wa maji uning'inizwe ukutani. Na ukikagua, fungua, piga magoti, shusha fimbo mpaka iguse sakafu ya mtaro.

Mumeo atanuna. Mwache anune, mnuno haujawahi kumzamisha mtu. Sherehe nayo itafanyika, na kama mzee ataingia ukumbini mikono ina malengelenge, watu wataelewa.

Lakini kuna la kutangulia hayo yote. Kaka yangu amechimba mitaro ya viwanda miaka ishirini, nilimsomea barua yako kwenye simu. Hakuuliza habari za mzee wala za ndoa. Aliuliza, "Huko shimoni bado watu wanashuka?" Nikamwambia sijui, hakuandika. Akasema, "Mvua haisomi utabiri wa mtu."

Basi kabla ya mzee, kabla ya meneja, kabla hujalikunja gazeti hili, mpigie wifi yako. Mwambie asishuke, yeye na wenzake watatu, mpaka mtaro upitishe. Akikuuliza kwa nini, mweleze yote bila kupunguza. Una wiki nzima unajua kilicho juu ya kichwa chake, na barua ukaniandikia mimi.