Safari Hii Chumvi Tumebeba Sisi

Jumatatu, 2 Juni

Bidoni nne za maziwa kutoka Kibumba. Moja imeharibika njiani. Nimechemsha, nimepima, nimegombana na jirani mmoja hapa mjini, mtaa wa Mapendo, anayedai natia maji. Sitii. Maji yenyewe nayapata kwa shida!

Bahati, anayetuchungia ng'ombe kule Kibumba, amepiga simu: jike letu Gaju anatafuta dume. Hatimaye. Gaju ni mzee na ndiye mpole pekee tuliyebaki naye, huenda atazaa ndama mmoja tu wa mwisho. Nataka ndama huyo awe dume wa kurithi nafasi ya Bihogo, aliyekufa kabla ya Pasaka. Bila hivyo, ukoo wa madume ya babu unaishia mikononi mwangu.

Nimemwambia Bahati amfungulie Komanda, mtoto wa Bihogo. Mkubwa, mweusi, shingo nene. Nilimchagua mimi mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Aibu. Komanda amemsukuma Gaju kwenye ukuta wa mawe hadi akachechemea, kisha akamgeukia Bahati. Mbavu zinamuuma Bahati, ila anapumua vizuri. Kazi yenyewe Komanda hakuifanya.

Papa, baba yangu, alisikia simu yote akiwa kwenye kiti chake. Akasema tu, "Mama yake alikuwa anapiga watu mateke. Ile si dume, ni nyama."

Ijumaa, 6 Juni

Papa anataja madume kila jioni kabla ya kula, kama wengine wanavyosali. Bihogo wa kwanza, aliyeletwa na babu kwa miguu kutoka Masisi, akasimama Kibumba. Rutare, aliyefichwa msituni wakati wa vita, akarudi Kibumba. Kisha Bihogo wa pili, Kibumba. Jina na mahali aliposimama kupokea ng'ombe wa watu. Hapo ananyamaza.

Kanuni za babu zilikuwa mbili. Ya kwanza: dume anachaguliwa kwa kumtazama mama yake. Mama akikubali kukamuliwa na mkono wowote, mwanawe anafaa, hata akiwa mwembamba. Ya pili: dume halipiwi. Jirani analeta ng'ombe wake na chumvi kidogo, anakunywa maziwa, anarudi kwake. Nimekua nikipokea hizo chumvi mlangoni. Nilijiona binti wa mfalme.

Kanuni ya kwanza niliivunja. Papa hajui yote.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimemwambia Papa. Nimechoka kubeba siri hii.

Mwaka ule Papa alipolazwa hospitalini, niliamua kumpa ndama Mama Furaha, mjane wa mtu aliyemficha Rutare msituni. Zawadi tuliyochelewa sana kuitoa. Kulikuwa na ndama dume wawili, wote wa Bihogo. Komanda, mnene. Na mwingine, mbavu nje, mtoto wa Mayenzi, yule ng'ombe aliyekubali hata watoto wamkamue. Nikatoa yule mwembamba. Mtu aliyetuokolea dume, nikamlipa na kile nilichodhani hakina faida. Nikajiona mwerevu kabisa.

Papa alimjua Mayenzi. Alifikiri mwanawe alikufa mdogo, nami nikamwacha afikiri hivyo.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Na ule mutoto ya Mayenzi, iko muzima?"

Yuko mzima. Mama Furaha alimwita Shukrani. Sasa ana miaka minne, na nusu ya Kibumba wanapeleka ng'ombe wao kwake.

Papa akageuza uso ukutani.

Alhamisi, 12 Juni

Komanda ameuzwa kwa mchinjaji. Sikulia. Nilifikiri ningelia.

Jumatano, 18 Juni

Gaju hachechemei tena. Akifuata hesabu yake ya wiki tatu, atatafuta dume tena Jumatatu au Jumanne. Ni siku moja tu, na ikipita sijui kama kuna nyingine.

Kumwomba Mama Furaha amrudishe Shukrani haiwezekani. Ng'ombe aliyetolewa hadaiwi. Hata mimi, na ubahili wangu, siwezi kufika huko. Lakini kumpeleka Gaju kwake, kama jirani yeyote? Nikamuuliza Papa.

"Siye hatupelekake ngombe kwa mutu. Watu ndio banaletaka kwetu."

Nikamjibu vibaya. Nikasema basi tukae na majina yake ya kila jioni, tuone kama yatatoa maziwa. Najuta. Hakula.

Jumamosi, 21 Juni

Papa hataji madume. Siku ya tatu sasa.

Jumatatu, 23 Juni

Bahati amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Gaju analia, hatulii.

Nikatoka chumbani na maneno ya kumbembeleza Papa tayari mdomoni. Nikamkuta amevaa koti lake la harusi na kofia, fimbo mkononi. Kwenye magoti, mfuko wa chumvi. Kilo tano! Sijui alimtuma nani. Watu waliokuja kwetu walileta kiganja.

Tumepanda gari hadi Kibumba, kisha kwa miguu, Bahati mbele na Gaju, Papa nyuma. Polepole. Watu wamesimama mashambani kututazama. Wanamjua. Wanajua pia maana ya mtu anayetembea na ng'ombe na chumvi. Nilitaka kujificha. Papa aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa jina.

Mama Furaha alipotuona aliacha jembe palepale. Papa akamnyooshea chumvi kwa mikono miwili.

"Mama, tuko tunaomba dume."

Alikataa kuipokea. Akasema, "Muzee, ile dume ni yenu." Papa akatikisa kichwa. "Hapana. Ni yako. Pokea."

Akapokea. Macho yake yalijaa, na yangu pia.

Shukrani ni mkubwa sasa. Hudhurungi, kama Bihogo. Alimkaribia Gaju taratibu, akamnusa shingo, akangoja. Gaju alisimama tuli, naye akampanda. Baadaye Papa alimpapasa dume yule paji la uso, na dume hakusogea hata hatua.

Tulipewa maziwa. Papa alimaliza yote, akaomba mengine. Kabla ya kuondoka nilimwambia Mama Furaha ukweli: kwamba nilimpa yule mwembamba kwa ubahili. Alicheka hadi akashika kiuno. Alijua siku ileile, akasema. Alimjua Mayenzi, na alikaa kimya ili nisije nikabadili mawazo.

Jumatatu, 14 Julai

Bidoni nne, zote nzuri.

Wiki tatu zimetimia. Bahati amemchunga Gaju tangu jana. Anakula, analala, hatafuti dume: huenda ana mimba. Bado mapema kusherehekea, lakini nimenunua sukari.

Jioni Papa alivua kofia, akaanza tena kutaja madume. Bihogo wa kwanza, Kibumba. Rutare, Kibumba. Bihogo wa pili, Kibumba. Nikangoja anyamaze, kama kawaida yake.

"Shukrani," akasema. "Kwa Mama Furaha."

Kisha akaomba chakula.