Neno la Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi 1991

Elia,

Nimefungua duka saa mbili. Nimeuza vifungo, zipu, nyuzi nyeusi. Mchana Bwana Dinesh, mwenye kiwanda cha kupiga chapa, amepita kuniambia kitabu changu kitachapwa. Miaka ile alikuwa akisema karatasi hakuna. Sasa zipo. Kila kitu kipo, Kariakoo bidhaa zimemwagika mpaka barabarani.

Nilikaa juu ya robota la vitenge. Mimi wa darasa la saba, nina kitabu. Kinakuhusu wewe na duka letu. Ungenicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Karatasi zangu zimerudi. Mwalimu Sudi, mstaafu anayemsahihishia Bwana Dinesh vitabu, amezipitia kwa kalamu nyekundu. Koma zake nimezikubali zote. Lakini ukurasa wa mwisho amekata neno lako.

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa unaenda bandarini kufuata mzigo. Ukasimama mlangoni ukasema, "Nakuja." Kama siku zote. Moyo wako ukasimama ukiwa kwenye foleni. Niliandika hivyo hivyo. Yeye ameandika juu yake: "Ninaondoka, nitarudi."

Nimekasirika. Kweli kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Sikula. Nilimwonyesha wifi Resti. Akasoma, akasonya. "Kaka yangu mwenyewe maneno alikuwa nayo machache. Hata hilo moja wanamnyang'anya?"

Tulicheka mpaka mteja akaondoka. Kisha tukalia.

"Nitarudi" ni ahadi. Hukuniahidi. Nikiliacha neno hilo, nitakuwa nimekufanya mwongo.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Nilifika kiwandani nimelowa. Mwalimu Sudi alikuwepo. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanivutia kiti. Si mtu mbaya. Akanieleza polepole kwamba mtu anayeondoka hawezi kusema anakuja. Wanafunzi watapotoka. Na bila sahihi yake kitabu hakichapwi. Bwana Dinesh akatazama dari.

Nikasema basi, kisichapwe. Miaka mitatu ya kuandika kwenye kaunta, na nikasema hivyo. Nikaanza kukusanya karatasi.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mwalimu akavaa kofia, akatafuta makubadhi yake chini ya meza.

"Nakuja, mama, usiondoke," akasema. Akatoka.

Bwana Dinesh akanitazama. Nami nikamtazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Alicheka mpaka akavua miwani.

Mwalimu aliporudi, mikono ya kanzu bado ina maji, tukamwambia. Akakataa. Halafu akageuka kuutazama mlango.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, Mwalimu," akajibu Bwana Dinesh. "Tena kwa Kiswahili fasaha."

Wino mwekundu haufutiki. Akaandika pembeni: libaki kama lilivyo. Akatia sahihi. Akaniambia mkewe amekuwa akimvumilia miaka arobaini na Kiswahili chake, nami nimvumilie.

Nilirudi kwa miguu. Sikuhisi mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Vitabu vimetoka. Vinanuka wino. Nilitaka jalada la bluu, wamechapa kijani. Jina langu limepungua herufi moja. Resti ameiongeza kwa kalamu kwenye nakala yake, anasema nyingine zote ni bandia.

Fundi cherehani mmoja alikuja kununua zipu. Akachukua kitabu kwenye kaunta, akaanzia ukurasa wa mwisho, amesimama palepale. Akauliza, "Kwa hiyo hakuja?"

Nikasema hakuja.

Akakifunga taratibu, akakinunua. Zipu akaisahau.

Sasa duka limetulia. Nimeketi upande wako wa kaunta. Sina huzuni kubwa leo, Elia, ni uchovu tu. Watu watakukumbuka wewe, nimeshawaandikia. Wewe huko uliko, nikumbuke mimi.