Kengele Niliyoipata kwa Wavamizi wa Angani

Mgahawa wa Suzuran,
Amagasaki.
9 Agosti, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Chizuko,

Pokea salamu tele kutoka kwetu. U hali gani? Shemeji Isamu mgongo umepona, au bado anajitia kijana na magunia ya kahawa huko Londrina? Sisi hatujambo. Joto la mwaka huu halina adabu, lakini tunakula, tunalala, na wateja wapo. Mama naye ni mzima.

Nina habari, na nikichelewa kuisema nitapasuka. Kwenye tamasha la Jumapili, aliyepiga kengele ya gari la mtaa wetu, lile la mbao linalovutwa kwa kamba, ni mimi. Ndiyo, mimi Fusae, tena juu kabisa, pale alipokuwa akikaa marehemu baba akiipiga. Sasa keti nikusimulie.

Unakumbuka tulivyokuwa tukigonga vifuniko vya sufuria uani, na mama akitukaripia kwamba mwanamke hapandi gari la tamasha? Wewe ulisahau ukaolewa Brazili. Mimi sikusahau. Kila mwaka nimesimama pembeni na birika la chai baridi nikiwanywesha wanaume, huku vidole vyangu vikifuata mapigo pajani. Nimeitamani kengele ile maisha yangu yote.

Basi mwaka huu tumeweka mgahawani meza ya mchezo, ile yenye kioo juu na runinga chini yake. Wavamizi wa angani wanashuka safu kwa safu, nawe una kigari chako huku chini unawatungua. Wakigusa ardhi, umekwisha. Watu wamerukwa na akili. Wanapanga sarafu zao juu ya kioo kushika zamu, kahawa inapoa. Alama za juu kuliko zote hubaki zinaonekana, na hapa kwetu zilikuwa za Ogata muuza tofu ya soya, ambaye ndiye mkuu wa gari la tamasha. Mtu huyo unamsikia kabla hujamwona.

Siku moja mwezi wa Juni akanikuta nazitazama alama zake.

"Mama, kahawa yako tamu," akasema. "Haya makombora tuachie wanaume."

"Nikizipita utanipa nini?"

Alicheka mpaka machozi. "Ukizipita nakupandisha garini ukapige kengele. Jamani, wote mmesikia?"

Wote walisikia. Mdomo uliponza kichwa, Chizuko, maana Ogata ana makelele lakini neno lake halirudishi.

Nikaanza kucheza kila asubuhi kabla ya kufungua. Sadao mume wangu akalalamika kwamba mayai yanaungua, nikamwambia ayakaange yeye. Kosa langu lilikuwa la kila mtu: kwa woga, nilikuwa nawapiga wavamizi wangali juu. Aliyenifungua macho ni mteja mmoja, muuza nyuzi kutoka Nagoya. "Mama, waache washuke," akaniambia. "Wakifika safu ya mwisho, hapo puani mwako, risasi zao hazikupati tena. Ndipo uwafagie." Ni kweli kabisa. Lakini ukichelewa kidogo tu, mmoja anagusa ardhi na mchezo wote umekwenda. Nilikufa vifo vingi kujifunza hilo.

Wiki moja kabla ya tamasha, mchana wa jua kali, nikampita Ogata. Nikatoka mbio na aproni yangu hadi duka la tofu kumwita. Huku nyuma wateja wakaagiza barafu ya kuparuliwa, na Sadao, akili zake anazijua mwenyewe, akawasha mashine ya barafu na kiyoyozi kinaunguruma. Nyaya za nyumba hii unazijua. Fyuzi ikakatika. Na mashine ile umeme ukikatika husahau kila kitu. Tulipoingia na Ogata, palipokuwa na alama zangu pana sifuri tupu.

"Kwa hiyo umeipita sifuri," Ogata akasema. "Hongera, Mama."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Sadao amesimama na bakuli la barafu mkononi. Nikaingia jikoni nikalia, nakwambia ukweli. Kisha hasira ikanipanda. Nikatoka, nikaweka sarafu.

"Kaa hapo mbele yangu. Alama zako unazikumbuka?"

"Elfu tisa mia tatu na arobaini. Siku aliyozaliwa mke wangu ndiyo siikumbuki."

"Basi tazama vizuri."

Akaketi upande wa pili wa meza na mdomo wake. "Wanashuka hao. Piga basi, Mama, au unangoja wakuagize kahawa?" Niliwaacha washuke, washuke, mpaka safu ya mwisho, watu wakishika vichwa. Risasi zao zikapita bure. Nikawafagia. Wimbi lililofuata, vivyo hivyo. Ogata akanyamaza, na ninyi mliokulia mtaa huu mnajua hilo ni jambo la ajabu. Nilipokaribia alama zake akajisahau kabisa, akawa ananipigia kelele: "Kushoto! Yule wa kushoto, Mama, atagusa!"

Nikampiga yule wa kushoto. Elfu tisa mia tatu na hamsini. Niliachia mikono nikapiga meza kwa furaha, wavamizi wakaniua, sikujali.

Ogata akainuka, akainama mbele yangu kwa heshima. "Jumapili, saa tatu asubuhi. Njoo na viatu visivyoteleza." Siku yenyewe wapo walionung'unika kuniona. Akawajibu, "Nendeni mkazipite alama zake kwanza." Wakashika kamba wakavuta, nami nikapiga toka asubuhi hadi jua kuzama, viganja vikachubuka. Sijawahi kufurahi hivyo tangu kuzaliwa.

Msalimie sana shemeji Isamu, na wanangu Teresa na Masao. Waambie mama yao mkubwa hashindwi na muuza tofu. Sadao anakusalimu, ingawa bado sijamruhusu kugusa mashine ya barafu. Mlindwe nyote na mavuno yawe mema.

Salamu za mama nimeziweka mwisho. Tangu baba afariki hajawahi kufungua dirisha siku ya tamasha. Jumapili gari lilipopita kwake alikuwa amesimama mlangoni. Jioni nikaenda nikijua nitakaripiwa. Alivishika viganja vyangu, akavipaka mafuta taratibu, kisha akasema, "Nilidhani ni baba yenu. Mwandikie Chizuko."

Ndimi dada yako, nikupendaye daima,

Fusae