Jini Lililoomba Mikate

Yaya Salima, dada yangu mkubwa,

Nimepata mtu. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari zinazozunguka. Ni mwanasaikolojia, mwanamke wa Bukavu aliyehamia hapa kwetu Kisangani, anaitwa Madame Odette. Ofisi yake ni chumba kimoja hapa hapa Kabondo, viti viwili na dirisha lenye pazia la njano. Nimekwenda mara sita. Mara ya tatu nilisinzia kitini, naye akaniacha nisinzie.

Miezi minane tangu presha ikuchukue. Cherehani yako nimeifunika. Wateja wakiingia bado wanatazama kiti chako kwanza, halafu ndipo wananisalimia mimi.

Unajua jinsi tulivyokuwa tunaita ugonjwa wangu: kwenda. "Leo ulienda kidogo," ulikuwa ukiniambia jioni tukichambua majani ya pondu, kisha unanisimulia siku yangu mwenyewe, nani alikuja, nilikata kitambaa gani, nilicheka na nani. Nilikusikiliza kama mtu anayepewa habari za jirani. Kwenda kwenyewe hakuumi. Sauti za watu zinakuwa kama zinatoka chini ya maji, mwanga unakuwa mweupe mweupe, na mikono inaendelea kushona huko mbali, mikono mizuri ya mtu fulani. Kisha narudi, na jua limehamia upande wa pili wa ua.

Ulipokufa nikabaki na siku zenye matundu. Asubuhi moja nilikuta mezani gauni dogo jekundu limekwisha kushonwa, hata vifungo. Hakuna aliyeliagiza. Nililinusa, nikaligeuza ndani nje, nikaitambua mishono yangu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kuna Feza.

Siku hiyo nilikwenda naye beach, pale maboti ya Yanonge yanaposhusha samaki. Namkumbuka akinishika kidole kimoja, na mto unameremeta mpaka macho yanalegea. Nilipozinduka nilikuwa nyumbani mbele ya cherehani, kikapu cha samaki miguuni, na mtoto hayupo. Yaya, sijui nilivyotoka. Nilipanda toleka nikawa nampiga yule mwenye baiskeli mgongoni akanyage zaidi, masikini wa Mungu. Muuza samaki mmoja alikuwa amemketisha mwanangu juu ya gunia na kumpa kipande cha muwa. Hakuwa analia. Miaka mitano yule, alinitazama muda mrefu, akauliza: "Mama, ni wewe?"

Kesho yake baba yake alimchukua, akampeleka Yanonge kwa mama yake. Hakunipigia kelele. "Sikukatae, Mwamini. Tafuta munganga. Siku utamupata, mutoto atarudia." Nilimchukia wiki nzima, halafu nikaona kwamba mahali pake na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Basi nikatafuta. Daktari wa kwanza alinipa vidonge vya usingizi, mimi ambaye tatizo langu ni kutokuwepo! Jirani akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Mimi Mwislamu, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Walinikamata kichwa, wakamfukuza mtu ndani yangu kwa lugha tatu mpaka shingo ikauma. Nikarudi kwa mjomba wetu, Tonton Ramazani, naye akaniandikia kombe kama zamani, aya kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha, nikanywa yale maji. Nilipomrudishia sahani hakuipokea. Alisema: "Mwanangu, hii nakuandikiaka tangu uko mutoto. Dua sitaacha. Lakini kuko kitu tulikosea. Tafuta mwenye alisomea hii maneno." Yaya, Tonton wetu! Mwenyewe ndiye aliyeniletea jina la Madame Odette, amelipata kwa muuguzi anayeswali naye.

Siku ya kwanza huyo mama hakunificha kitu. "Hii hali siionaka kwa watu mingi. Niko na mwalimu wangu, tunasemaka naye ku telefone. Donc, tutaenda polepole, na kama nakosea, utaniambia." Nilimpenda kwa hilo. Wengine wote walikuwa na hakika.

Ili nimchekeshe, nikamsimulia hadithi ya lile jini. Si ulikuwa unaisimulia hii kila Idi? Mimi nina miaka tisa, ubani unafuka nyumba nzima, Papa aliyekataza Kilingala ndani ya nyumba yake amekaa kwenye mkeka, na Tonton analiuliza jini linataka nini: marashi, kitambaa, pete? Na jini linajibu kwa Kilingala, kwa sauti ya chini: "Mikate." Yale maandazi ya duara ya barabarani. Ulikimbia kuyanunua, likala manne, likalala. "Jini yako haijue biashara," ulinitania miaka yote.

Madame Odette hakucheka. Aliuliza tu: "Na huyo mwenye anaomba mikate, iko na miaka ngapi?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Sambo." Saba, kwa Kilingala.

Pazia lilikuwa linapumua kwa upepo. Nikaona miguu ya kitanda. Nikaiona kwa chini, Yaya, jinsi mtu anavyoiona akiwa amelala sakafuni. Siku zile za mabomu, Papa na Mama wamekwama shambani Masako, na Mama Botula, jirani yetu asiyejua neno la Kiswahili, ametuficha chini ya kitanda chake na beseni la mikate aliyokaanga kwa kuuza. Alitupatia mmoja mmoja hadi beseni likabaki mafuta tu. Vumbi la dari linaanguka taratibu, laini, kama unga unaochekechwa. Na wewe mdomo wako sikioni kwangu: "Funga macho, uende mbali. Itakwisha, nitakuita."

Nikaenda. Wewe ulibaki na macho wazi.

Kumbe ulijua. Ulikimbia kununua mikate kwa sababu ulijua ni nani anayeomba, ukanyamaza, ukafanya mzaha, ukanisimulia siku zangu miaka ishirini na tano. Nilikukasirikia. Nilitoka pale nikapita barabarani nikikutukana kimoyomoyo, kwamba uliniacha na mlango wazi ukaondoka na ufunguo. Hasira ilipokwisha nililia, na kulia huko nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Bado naenda. Sikudanganyi. Lakini sasa nahisi inapokuja, naweka nyayo kwenye saruji, nashika mkasi wa baridi, nasema jina langu na siku ya leo. Mara nyingine inatosha. Yule mdogo hatumfukuzi. Gauni jekundu limemtosha, nadhani. Mchana kukiwa kimya namhisi amekaa karibu na dirisha, anaangalia pikipiki zinavyopita, wala haombi kitu.

Baba Feza nimempigia. Madame Odette naye amesema naye. Ijumaa napanda boti. Kwanza nitakaa nao siku tatu, bibi yake akiwepo, halafu tutaona.

Wewe ulinipenda kwa kunificha, na sina pendo jingine kubwa kuliko hilo. Lakini mimi nakuahidi sitamficha Feza. Nitamwambia kwamba siku ile beach Mama alikwenda mbali, kwamba halikuwa kosa lake yeye mtoto, kwamba kuna mtu ananifundisha kubaki. Na akiuliza ni nani alinifundisha kwenda, nitamwambia ni Mama Mkubwa wake, na kwamba siku ile ya mabomu alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa anaogopa.

Pumzika, Yaya wangu. Mungu akulaze pema.

Mdogo wako,
Mwamini