Malalamiko ya Kapya Dhidi ya Taa Iliyokuwa Ikitembea

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA CHAMA CHA WAENDESHA BAISKELI WA MTAA WA KENYA, ELISABETHVILLE
Jumapili, tarehe 21 Mei 1961, baada ya misa, katika karakana ya Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA
Bw. Mumba, Mwenyekiti, fundi baiskeli
Bw. Mwape, Katibu
Bi. Julienne, Mweka Hazina, mwalimu wa hesabu na fizikia, shule ya wasichana
Mzee Mukuka, Mjumbe, mkulima, baba wa Bi. Julienne
Bw. Clément, Mjumbe

WALIOITWA
Bw. Kapya, mlalamikaji, aliyefika wa pili mbioni
Bw. Mulenga, aliyefika wa kwanza
Bi. Martine, mshika taa, mke wa Bw. Mulenga

ASIYEKUWEPO
Bw. Paulin, Mjumbe. Hakutoa udhuru. Inasemekana amerudi Kasai na watoto wake bila kuaga, kama majirani zake. Baiskeli yake bado iko karakanani na Mwenyekiti amekataa kuiuza.

KUMB. NA. 1/61: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tano asubuhi na kuwaomba wote waseme kwa sauti ya chini, kwa kuwa askari wa kizuizi cha barabarani wako jirani na siku hizi hawapendi watu wanaokusanyika. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa. Bw. Clément alidai kwamba hakusema maneno aliyoandikiwa. Katibu aliyasoma tena. Bw. Clément alisema kweli ndiyo aliyoyasema, lakini hakuyasema kwa sauti ile.

KUMB. NA. 2/61: MALALAMIKO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba tangu mbio za Pasaka bastola na filimbi zimekatazwa. Siku ile, bastola ya kuanzishia ilipolia, askari wa Katanga walilala chini upande mmoja, wale wa Umoja wa Mataifa wakalala upande wa pili, na washindani wetu wakakaa mtaroni mpaka mchana. Kwa hiyo Jumapili iliyopita mbio za kwenda daraja la Naviundu zilianzishwa alfajiri kwa taa.

Taa zilikuwa mbili, kwa sababu mapipa ya kizuizi yameigawa barabara katikati na aliye kushoto hamwoni aliye kulia. Kushoto Bi. Martine alisimama na taa ya mkononi. Kulia Mwenyekiti alikuja mbio kwa pikipiki akiwaelekea washindani. Mapatano yalikuwa kwamba Mwenyekiti akifika usawa wa Bi. Martine, naye akimjua kwa mngurumo, taa zote mbili ziwake pamoja. Bw. Mulenga, wa kulia, alimshinda Bw. Kapya, wa kushoto, kwa unene wa tairi.

Bw. Kapya alisema mbio zile hazikuwa za haki. "Ukitupa libwe umesimama, inaenda. Ukiitupa juu ya kinga (baiskeli) yenye kukimbia, inaenda mbio zaidi. Kila muntu anajua. Sasa mwangaza ya pikipiki ilikuja mbio kupita mwangaza ya Mama Martine. Mulenga aliiona mbele ya miye kuiona, njo maana alinipita."

Mzee Mukuka alisema hoja hiyo ni nzuri sana na ipitishwe bila mjadala. Wajumbe walitazamana.

Walikuwa na sababu. Bw. Kapya anataka kumwoa Bi. Julienne, na Pasaka, mbele ya watu wote na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ikiwa mezani, Mzee Mukuka alitangaza: "Mukwe wangu ni ule atafika wa kwanza ku Naviundu!" Sasa wa kwanza ni Bw. Mulenga. Bw. Mulenga alisema anashukuru, lakini yeye ana mke. Bi. Martine alisema jambo hilo lisiandikwe kana kwamba liliwahi kuwa swali.

KUMB. NA. 3/61: MAELEZO YA MWEKA HAZINA KUHUSU MWANGA
Mwenyekiti alimwomba Bi. Julienne aseme kama mwanga hufanya kama jiwe. Bw. Clément alipinga kwa sababu dada huyo ana maslahi. Mwenyekiti alijibu kwamba basi aachwe aseme, na maslahi yataonekana.

Bi. Julienne aliweka daftari la hazina kando. Kisha akasema hapana. Jiwe hubeba mwendo wa anayelitupa, mwanga haubebi. Taa ikikimbia, ikisimama, hata ikirudi nyuma, mwanga wake huondoka kwa mwendo ule ule, kilometa laki tatu kwa sekunde. Aliongeza kwamba hata kama ungefanya kama jiwe, pikipiki ya Mwenyekiti isingeongeza kitu ambacho jicho la mtu linaweza kukiona. Bw. Kapya alijibu kwamba haki ni haki hata ikiwa ndogo.

Bw. Clément alitaka kujua nani alipima mwendo huo. "Tuko na feza yetu, tuko na timbre yetu ya barua. Juu ya nini mwangaza iko bado ya Babeleji?" Bi. Julienne alijibu: "Pima kule Léopoldville, pima hapa, pima mu treni yenye kukimbia. Utapata ile ile. Mwangaza haina passeport, Papa Clément."

Mwenyekiti aliomba sababu, si namba. Bi. Julienne alisema tuchukue treni ya Jadotville inapokwenda laini, madirisha yamefungwa. Ukimimina munkoyo kikombeni, inashuka wima kama nyumbani. Huwezi kufanya jambo lolote ndani ya behewa likakuambia kwamba unakwenda. Sheria za maumbile ni zile zile kwa msafiri na kwa aliyebaki kituoni. Basi mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, vinavyosukumana kupokezana, na mwendo wake hutoka katika sheria za umeme na sumaku peke yake. Ndani ya sheria hizo hakuna mahali palipoandikwa nani anashika taa wala nani anaitazama. Sheria moja kwa wote, basi na mwendo mmoja kwa wote.

Katibu aliuliza kuhusu king'ora cha mgodi, ambacho ukikikimbilia sauti yake inakukuta mapema. Bi. Julienne alisifu swali (iandikwe). Alisema sauti husafiri ndani ya hewa, na wewe unaikimbilia hewa. Wataalamu waliitafuta hewa ya mwanga miaka mingi, kwa vioo na uvumilivu, hawakuiona. Mwanga hupita hata pasipo na kitu. Kwa hiyo uukimbilie, uukimbie, ukiupima utakuta namba ile ile.

Mwenyekiti alisema hapo kuna kitu lazima kivunjike. Bi. Julienne alikubali. Mwendo ni umbali uliogawanywa kwa muda. Mwendo ukikataa kabisa kulegea, umbali na muda ndivyo vinavyolegea. Saa ya mtu anayekwenda mbio sana huonekana kwa aliyesimama kama inachelewa. Bi. Martine aliuliza kama ndiyo maana Bw. Mulenga husema amerudi saa mbili wakati yeye anaona ni saa nne. Bi. Julienne alisema hapana, kwa mwendo wa baiskeli hapana. Bw. Mulenga aliomba kikao kirudi kwenye ajenda.

Mwisho Bw. Clément aliuliza kwa nini ulimwengu uliumbwa hivyo. Bi. Julienne alisema hajui, wala hajamsikia anayejua. Anachojua ni kwamba mwanga umejaribiwa mara nyingi na haujawahi kudanganya.

KUMB. NA. 4/61: LAWAMA IENDE WAPI
Ilionekana sasa kwamba kama taa ya kulia haikuwahi, huenda ya kushoto ndiyo iliyochelewa, na ya kushoto ilikuwa mkononi mwa mke wa mshindi. Mwenyekiti alimwomba Bi. Julienne atafakari kama mwanga hauwezi kubeba lawama hata kidogo, kwa ajili ya amani. Bi. Julienne alisikitika kwamba hauwezi.

Bw. Kapya alikiri kwamba aliishuku taa ya kushoto tangu mwanzo. "Niliona heri niseme mwangaza kuliko kusema bibi ya muntu."

Bi. Martine alisimama. Alisema ni kweli hakuwasha taa pamoja na Mwenyekiti. "Niliwasha mbele ya wakati! Pikipiki ilikuwa bado kule nyuma. Nilimuonea Kapya huruma juu ya Julienne, nikasema acha mutoto atangulie. Alitangulia, na bado akapigwa!"

Bw. Kapya aliketi. Bw. Mulenga alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akauliza iwapo ushindi wake sasa si mkubwa zaidi. Mwenyekiti alisema ni mkubwa zaidi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Bw. Kapya aliyaondoa malalamiko yake mwenyewe, akampa Bw. Mulenga mkono.

KUMB. NA. 5/61: MENGINEYO
Mzee Mukuka aliomba nafasi. Alisema amesikia kwamba muda unalegea. Je, si kweli basi kwamba mtazamaji mwingine, anayekwenda mbio sana, angeweza kuona kwamba Bw. Kapya ndiye aliyefika wa kwanza? Ni hapo Katibu alipofahamu kwamba mzee huyu anampenda kijana, na kwamba anatafuta mlango wa kutokea ndani ya neno lake mwenyewe.

Bi. Julienne alisema mambo mawili yakitokea mbali mbali, watazamaji wanaweza kutofautiana lipi lilitangulia. Lakini magurudumu mawili yakipita juu ya mstari mmoja, mahali pamoja, kila mtazamaji ataona mpangilio ule ule. "Hapana, Tata. Kapya iko wa pili kwa bantu bote."

Alikuwa analia. Alisema anampenda Kapya na jambo hili linamuuma, lakini kesho ana darasa, na hawezi kuwafundisha watoto wa watu kitu ambacho Jumapili amekikana ili apate bwana.

Mzee Mukuka alivua kofia. Alisema mara mbili ametafuta mlango, na mara mbili binti yake ameufunga, na leo ameona amezaa mtu. Kisha akamgeukia Katibu, akataka maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema:

"Andika: Mukuka alisema neno Pasaka, na leo anaigeuza. Kapya amuoe. Mwangaza njo haibadilike. Miye niko muntu."

Bw. Clément alisema kamati haina mamlaka juu ya ndoa. Hakuna aliyemjibu.

Kikao kilifungwa saa saba mchana, kwa kuwa Bi. Martine alikwishaanza kupiga vigelegele na askari wawili wa kizuizi walikuja kuuliza nani ameshambuliwa. Walielezwa, wakapewa munkoyo.

(Sahihi) Mumba, Mwenyekiti
(Sahihi) Mwape, Katibu