Uzi Kutoka Kwetu Hadi Kwako

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Mgongo vipi, na ile baridi uliyokuwa ukiilalamikia? Wifi na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, tunapumua. Shangazi bado ana maneno, na cherehani kubwa bado inakata uzi kama ina kisirani na mimi.

Mama hajambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu sitaki kukuficha: moyo wake umechoka, na daktari ametuambia tusihesabu miaka. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anashona pindo kwa mkono, na akichoka ananigombeza mimi.

Kaka, kuna jambo limekuwa likiniuma. Siku ile ulipohamia huko ulipanda ndege alfajiri, kesho yake ukapiga simu ukasema ulifika jioni ileile. Mama akalishika hilo. Miaka yote hii amekuwa akiwaambia wateja kwamba kwako ni safari ya mchana mmoja, kisha wakitoka ananuna. "Mchana mmoja tu, na mwanangu hapati nafasi!" Nimemweleza mara ngapi kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu? Akishashika lake, humtoi.

Juzi nikaazima tufe la dunia kwa mwalimu jirani, aliyekuja kuchukua sketi yake. Nikampa Mama uzi, nikamshika kidole, tukaupitisha kutoka kwetu hadi kwako. Ukala karibu theluthi ya dunia. Mwalimu akamwambia ni kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na tano hewani, na ukiongeza kungoja ndege ya pili, ni karibu mchana kutwa na usiku kucha. Mama akaupima tena mwenyewe, polepole. Kisha akalia. "Kumbe ni mbali hivi," akasema. "Nami nimemnunia bure."

Sasa nisikilize. Uliniambia kazini wanakupa ruhusa moja tu kwa mwaka, na ya mwaka huu unaiweka kwa ajili ya "lolote likitokea". Sote tunajua hilo lolote ni nini. Mama aliniuliza mbona huji, nikamwambia. Hakukasirika. Alikata uzi kwa meno, akasema: "Kwa umbali huu, hata akikimbia hatawahi mazishi. Na akiwahi, nani atamfungulia mlango? Mwambie aje nikiwa ndani."

Siku zote nimekutetea, kaka, lakini kwa hili niko upande wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Njoo.

Shangazi anakusalimu. Mjomba fundi viatu anakusalimu, na mwalimu pia, ingawa hakujui. Mama peke yake hakutuma salamu. Amesema zako ziko mlangoni, uje uzichukue mwenyewe.

Mungu akufungulie njia, na akufikishe mapema.

Wako akupendaye,
Dada yako wa cherehani.